Ufundi wa Kutofungwa

Tarehe 15 Septemba 2018 Simba walikuja Mtwara, wakacheza na Ndanda kwenye Uwanja wa Nangwanda Sijaona, wakaondoka bila bao. Ndanda nao hawakufunga. Suluhu. Habari ya mechi ile, kama kawaida ya nchi yetu, ikawa habari ya Simba: Simba wamebanwa, Simba wameanza kusuasua, kocha wa Simba anasemaje. Ndanda walitajwa kama mvua inavyotajwa pale mechi inapoharibika, kitu kilichotokea tu angani bila mtu kukifanya.

Nataka kuwaandika waliokifanya.

Kwanza tukumbuke Simba ile ilikuwa Simba gani. Ilikuwa ya Meddie Kagere, Emmanuel Okwi na John Bocco, watu watatu ambao beki akiwaona kwenye karatasi ya vikosi anakunywa maji kabla hajasikia kiu. Kagere peke yake alimaliza msimu na mabao 23 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Timu ikatwaa ubingwa kwa pointi 93. Ligi ilikuwa na timu 20, kila moja mechi 38, kwa hiyo pointi zote za kugombea zilikuwa 114. Simba zikawaponyoka 21 tu kwa msimu mzima, na 2 kati ya hizo zilibaki Mtwara.

Kuna neno la dharau kwa kazi ya namna hii: kupaki basi. Mtu hulisema akiwa ameegemea ukuta wa kibanda umiza, soda mkononi, kana kwamba kuweka watu kumi nyuma ya mpira ni jambo la kuamua asubuhi na jioni limekwisha. Lingekuwa jepesi hivyo, kila timu iliyokutana na Simba mwaka ule ingepata suluhu yake. Wengi walirundika watu nyuma na wakafungwa matatu. Watu kumi waliosimama ovyo langoni ni kumi wa kumzibia kipa macho.

Sisi wa Mahurunga, huku bondeni Ruvuma, kazi hii tunaifahamu kwa njia ya michubuko. Mpira wetu ni wa baada ya mavuno. Mpunga ukishatoka shambani na ardhi ya bonde ikakauka, vijiji vinaanza kualikana. Dau ni mbuzi, pengine jezi. Zamani, kabla ya mambo ya Cabo Delgado, Msumbiji, kuharibika mwaka 2017, hata vijana wa ng'ambo ya mto walivuka kwa mitumbwi kuja kucheza. Ardhi yenyewe, maji yakishaondoka, hupasuka vipande vipande, na mpira ukigonga ukingo wa ufa haurudi ulikotarajiwa. Winga wa mbwembwe huteseka sana kwenye uwanja wa namna hiyo. Beki hufaidika, akiwa mvumilivu, kwa kuwa anajua mpira lazima utamsaliti mwenzake wakati fulani, yeye kazi yake ni kuwepo wakati huo.

Mzee aliyetufundisha hakuwa na filimbi wala cheti. Alikuwa na kamba ya usumba. Alitufunga mabeki wanne viunoni kwa kamba moja, akaacha nafasi kati ya mtu na mtu, kisha akaanza kutembea na mpira mbele yetu, mara kulia, mara kushoto, mara anarudi nyuma. Aliyechelewa kusogea alivutwa. Aliyekimbilia mbele peke yake alimwangusha jirani yake. Tulicheka siku ya kwanza. Baada ya hapo viuno vilituwasha tukaacha kucheka. "Wanangu," alikuwa akisema, "beki hakimbii. Beki anahama na wenzake." Nilipokuja kukaa Nangwanda Sijaona na kuwatazama Ndanda wakicheza na timu kubwa, macho yangu yalikuwa yanaitafuta kamba ile. Siku wanapocheza vizuri unaweza kuapa ipo.

Ukitaka kuufurahia ufundi huu lazima uondoe macho kwenye mpira. Ni vigumu, maana mpira umetengenezwa kuvuta macho. Lakini jaribu: mpira ukiwa kwa kiungo wa timu pinzani, tazama mstari wa nyuma. Kiungo yule akiwa ameinama, amebanwa, anahangaika na mguu wa mtu, mabeki wanapanda hatua mbili tatu mbele. Akishajinasua na kuinua kichwa, yaani sasa anaweza kupiga pasi ndefu, mabeki wale wale wanaanza kurudi nyuma kabla hajapiga. Hawasubiri mpira uruke. Wanasoma shingo ya mtu. Wanapanda, wanarudi, wanapanda, wanarudi, dakika tisini, na mara nyingi hakuna kinachotokea, kwa sababu kiungo akiinua kichwa anaona nafasi aliyoitaka imekwisha kufungwa, anarudisha mpira kwa beki wake. Jukwaa linazomea. Hilo ndilo shuti ambalo halikupigwa, na kulizuia kumefanyika bila mtu kugusa chochote.

Halafu kuna kusimama. Mtoto anayeanza mpira humkabili mshambuliaji uso kwa uso, miguu sambamba, na hupigwa kanzu au tobo hapo hapo. Fundi husimama mshazari, bega moja mbele, goti limelegea, na kwa mshazari ule amekwisha kumwonyesha mwenzake njia ya kupita: kwa nje, kuelekea mstari wa pembeni, ambako uwanja unaisha wenyewe. Hajitupi. Anarudi nyuma kwa hatua fupi, anamsindikiza, anasubiri mpira uachane na mguu kwa kipimo cha unyayo mmoja. Ndipo mguu unatoka. Ukiona beki anateleza chini na jezi inachafuka, watu wakashangilia, ujue mara nyingi alikuwa amechelewa tayari. Kule kuteleza ni kulipa deni. Beki ninayemhusudu mimi huondoka uwanjani jezi ikiwa na jasho tu.

Mbele yao yupo kiungo mkabaji, na kwa timu ndogo huyu ndiye msimu mzima. Kazi yake ni kile kieneo kati ya mabeki na viungo, hatua kumi au kumi na mbili hivi, ambamo mshambuliaji mjanja hupenda kushuka apokee mpira akiwa amegeuka. Akipokea akiwa amegeuka, mabeki hawana jibu zuri: wakimfuata wanaacha nyuma wazi, wakibaki anapiga shuti. Basi kiungo huyu anatakiwa awe pale sekunde moja kabla. Si kupora mpira, hapana. Awepo tu, mgongoni, ampumulie mtu shingoni mpaka apige pasi ya kurudi. Hakuna mtoto anayelala akiota kazi hiyo.

Kipa nilimchelewesha makusudi, kwa kuwa watu humwanza. Kuruka kwake kunapigwa picha. Mimi napenda sauti yake. Siku uwanja ukiwa na watu wachache, ukakaa upande wa goli, utasikia mechi ya pili inayochezwa kwa mdomo: "Mtu!" "Geuka!" "Mwache!" "Toka, toka, toka!" Neno moja moja, maana sentensi ndefu mpira hausubiri. Kipa ndiye pekee anayeona uwanja wote akiwa ameelekea mbele, na kipa bubu, hata awe na mikono mirefu namna gani, atafungwa mabao ambayo angeyazuia kwa kinywa. Kuhusu kona, kanuni ya wazee ni kwamba kipa akisema "Yangu!" basi iwe yake kweli, akisita katikati, beki aliyempisha amebaki na mikono mitupu. Na kona ikishaondolewa kwa kichwa kazi haijaisha, ndiyo kwanza inaanza. Mpira wa pili, ule unaodondokea nje kidogo ya kumi na nane, ndio uliowaua wengi. Tazama timu iliyofundishwa: mpira ukitoka tu, wote wanatoka nao mbio, mshambuliaji aliyebaki nyuma anajikuta ameotea.

Kuna na joto. Mtwara mwezi Septemba, mechi inayoanza saa kumi jioni, jua limeinama lakini unyevu wa bahari haujaondoka; timu iliyotoka bara hupumua kwa shida baada ya nusu saa. Wenyeji wanalijua joto lile, na sehemu ya ufundi wao ni kuchagua lini mechi ikimbie na lini ilale. Mpira wa kurusha uliochukua muda. Kipa anayeweka mpira chini, anausogeza, anautazama kama hajawahi kuuona. Sipendi kupoteza muda kwa kujiangusha na kushika mguu usiouma. Huo ni uongo na waamuzi wauadhibu. Lakini kuipoza mechi kwa pasi tatu za pembeni, huku wapinzani wakikimbizana na kivuli, hiyo ni kazi halali na inahitaji mguu mzuri kuliko watu wanavyofikiri.

Tumesema juu ya kupaki basi. Sasa tuseme juu ya basi lenyewe.

Msimu wa 2018/19 Ndanda walitakiwa kucheza mechi 19 nje ya nyumbani, na nyumbani kwao ni kona ya mwisho ya nchi. Dar es Salaam, ambako wengine walikuwa wanashindania taji bila kulala nje ya vitanda vyao, ni zaidi ya kilomita mia tano kutoka Mtwara. Bukoba kwa Kagera Sugar ni kuivuka nchi kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Victoria. Musoma kwa Biashara, Mwanza kwa Mbao na Alliance, Shinyanga kwa Stand na Mwadui, Mbeya kwa Prisons na Mbeya City. Afadhali hawa walipita Daraja la Mkapa. Timu za kusini za kabla ya mwaka 2003, zile za enzi za Bandari Mtwara, zilisubiri kivuko cha Ndundu pale Rufiji na masika ikikuta barabara mbovu safari ilikuwa hadithi nyingine kabisa.

Mwili wa beki baada ya siku mbili za basi ni mwili wa mtu mwingine. Kifundo kimevimba, nyonga imekaza, na nyonga ndiyo inayomgeuza. Mshambuliaji aliyechoka hukosa bao moja na kusamehewa. Beki aliyechoka hugeuka kwa kuchelewa nusu hatua na jina lake linatajwa redioni. Hivyo timu ya safari ndefu hujifunza kuficha uchovu wake kwa mpangilio: mstari unashuka chini kidogo, umbali kati ya mtu na mtu unapungua, ili yeyote asilazimike kukimbia mbio ndefu. Mazoezi ya siku ya kufika huwa ni kutembea tu, kila mtu kwenye nafasi yake, kocha akishika mpira mkononi. Mpita njia akichungulia atasema hawa hawafanyi kitu.

Na mfukoni je? Msimu ule ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu. Timu ya mkoa hutegemea kiingilio, wadau na huruma, na kwetu huruma hiyo ina msimu wake, nao ni msimu wa korosho. Oktoba mpaka Desemba mnada ukienda vizuri Mtwara nzima hutembea kifua mbele. Magari kutoka vijijini hujaa watu wa kwenda mjini kwa sababu zozote, na mpira ni sababu nzuri. Mwaka ule wakulima walikataa bei za mnada, mwezi Novemba serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba, na malipo kwa wengi yakasubiri uhakiki. Mtu anayesubiri uhakiki hakati tiketi. Mashabiki wa Ndanda, Wana Kuchele, waliokuwa wakijaza jukwaa waliisikiliza timu yao kwenye redio, chini ya mikorosho ileile. Katika hali hiyo timu haikushuka daraja. Walioshuka moja kwa moja walikuwa African Lyon na Stand United.

Nayaunganisha haya kwa sababu kuzuia ni ufundi wa watu wasio na fedha. Mfungaji wa mabao ishirini ananunuliwa. Ukiwa na hela unampata dirisha dogo likifunguliwa. Safu ya nyuma inayohama pamoja hainunuliki, inalelewa, na malezi yake yanahitaji watu wale wale wanne wacheze pamoja mwezi baada ya mwezi mpaka wasihitaji kutazamana. Ubaya ni kwamba ikishalelewa, wenye fedha huja kuchukua mmoja, na watatu waliobaki wanaanza upya.

Na kazi hiyo kwetu hata haihesabiwi. Huko Marekani na Kanada, kwenye hoki ya barafu ya kulipwa, kuna kitabu cha hesabu ambacho nawaonea wivu: kila shuti ambalo mchezaji amelizuia kwa mwili wake linaandikwa, jina na idadi, sawa na mabao. Mtu anapiga goti kwenye barafu, anapokea kisahani kigumu kama jiwe kwenye mguu, na karani anaweka alama. Katika ligi yetu, kwa muda wote ninaouzungumzia, mfungaji bora alipewa tuzo na sisi tukajua idadi yake. Mtu aliyeziba mashuti mengi kuliko wote katika ligi ya 2018/19 yupo mahali fulani, pengine anafundisha shule au analima, na hata yeye hajui kwamba alikuwa wa kwanza.

Ndanda walikuwa wamepanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15, pamoja na Stand United na Polisi Morogoro. Msimu ule wa kwanza walifika siku ya mwisho, mwezi Mei 2015, wakiwa bado kwenye hatari, na mgeni wao alikuwa Yanga aliyekwisha kuwa bingwa. Wakashinda 1-0. Polisi Morogoro na Ruvu Shooting wakashuka. Bao lile watu wa Mtwara wanalo mpaka leo, wanakuonyesha lilivyoingia kwa kutumia kikombe na kijiko. Muulize mmoja wao jinsi lile goli la upande wa pili lilivyobaki bila kuguswa, maana moja bila ina tarakimu mbili, naye atakuambia, "Aah, Yanga walikuwa wameshachukua kombe." Ndivyo kazi ya mabeki inavyolipwa. Wakifaulu, wapinzani hawakutaka.

Miaka sita ni mingi kwa timu ya namna ile. Mwaka 2020 ligi ilisimama mwezi Machi kwa sababu ya korona na kurudi Juni, mechi zikarundikwa, na kwa kikosi chembamba chenye safari ndefu ule ulikuwa mlima. Mwisho wa msimu wa 2019/20 Ndanda walishuka pamoja na Alliance, Lipuli na Singida United. Uwanja wenye jina la Lawi Nangwanda Sijaona, waziri wa Mwalimu na kiongozi wa vijana wa TANU, ukabaki bila Ligi Kuu.

Ila kusini hakukukauka. Msimu huo huo Namungo ya Ruangwa, iliyokuwa imepanda kwa mara ya kwanza, ilimaliza nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2-1. Mwaka uliofuata ikaingia makundi ya Afrika, na kule kwenye kundi la Raja Casablanca na Pyramids ikapoteza mechi zote sita. Watu walicheka. Mimi nilizitazama kwa makini kuliko mechi nyingi za ushindi, maana hakuna mahali mstari wa nyuma unaposomeka vizuri kama pale unapozidiwa.

Sasa kutoka Mahurunga kwenda kuona Ligi Kuu ni safari: bodaboda mpaka mjini, basi kupitia Mnazi Mmoja, kisha Nanganga, ndipo Ruangwa. Vijana wanaponiomba niwapeleke nawapa sharti moja. Tusikae katikati, ambako kila mtu anagombania kwa kuwa mabao ya pande zote mbili yanaonekana. Tutafute nafasi karibu na usawa wa goli, kipindi cha kwanza upande mmoja, cha pili tuhamie upande wa pili, tukiwafuata mabeki wa timu moja tu. Kutoka pale mpira unaonekana mdogo na uko mbali, lakini unaona mabega ya watu wanne, unaona yupi anayewasemesha wenzake na yupi amesahau kupanda. Wengi hulalamika kwa dakika kumi za mwanzo. Halafu mmoja husema, bila kugeuka, "Babu, yule wa kushoto amechelewa," na kweli bendera ya mshika kibendera haijanyanyuka.